Hili Gari Halibebi Ndizi, Tata

Tata,

Shikamoo. Usipoitikia nitajua umenuna, maana mdogo wako Projestus ameshafika hapo kaburini na malalamiko yake kabla yangu. Nilimwona Jumapili baada ya ibada, amesimama mbele ya msalaba wako anakung'unika peke yake. Sasa nisikilize na mimi, mwanao Koku, na leo usinikatize.

Ndiyo, nimelilaza. Lile gari lako dogo la rimoti, la kupandia mawe, nimefungua shokapu zote nne, nimetoa springi zako ngumu, na sasa limekaa chini, tumbo karibu liguse ardhi. Kila ulichonikataza nimekifanya. Siombi msamaha.

Kwanza nikupe habari za nyumbani. Karakana ya Bugene naifungua mimi siku hizi. Wateja wengine wanachungulia ndani na kuuliza fundi yuko wapi, nawaambia mnaongea naye. Wawili wameondoka. Waliobaki wanatosha. Mama bado anapika ndizi za watu watatu, hajui kupunguza, na fungu lako nalila mimi bila aibu. Mibuni imechanua vizuri mwaka huu. Ungejisifu kana kwamba uliipanda jana.

Sasa turudi kwenye ubishi wetu, maana uliondoka ukiuacha katikati na mimi sikuuacha.

Unakumbuka gari lilivyotufikia. Yule mgeni wa mradi wa maji, siku anahama, alikuachia boksi lenye gari lililovunjika. Ulidhani ni la mtoto, mpaka ulipofungua ukakuta lina difu, lina ekseli, lina shokapu za mafuta, kila kitu kama gari lenyewe ila unaweza kulibeba kwapani. Wiki nzima hukushika pombe yako ya rubisi wala redio. Uliliinamia mezani ukasema hawa watu wamekaa wakafikiri. Tukalifufua pamoja. Kisha ukaanza kulifanyia kile unachoyafanyia magari yote.

Tata, wewe hukuwahi kuona gari lisilo na mzigo. Kila pikapu iliyoingia pale ilikuwa inakwenda kubeba au inatoka kubeba: ndizi za Kimuli, kahawa, saruji, watu wa msibani. Mwenye gari hajamaliza salamu, wewe umeshalala chini ya gari lake unaangalia springi na kumwambia aongeze. Nani wa kukulaumu? Kwa barabara zetu na mikungu yetu, fundi wa huku asiyeongeza springi hana wateja. Basi na hili dogo ukaliongezea. Likasimama juu kama mbuzi aliyeona mbwa. Nikakuuliza litabeba nini. Ukanijibu, "Gari ni gari."

Halafu tukalipeleka kwenye lile jiwe la nyuma ya kibanja chetu cha migomba, lenye ufa katikati. Likapanda vizuri mpaka kwenye ufa. Hapo tairi la mbele likabaki linaning'inia hewani, kwa sababu springi zako zilikuwa zimelishikilia gari zima kwa ugumu, likayumba, likapinduka. Tukarudia, likapinduka. Goti lako lilikuwa bovu, mimi nilikuwa na rimoti, kwa hiyo aliyekuwa akiliokota ni Mama. Aliacha jembe, akasimama chini ya jiwe ametandaza kitenge kama anayesubiri parachichi lianguke, na kila lilipoanguka alilidaka na kutusema wote wawili.

Nilikuwa nimeona kwenye simu jinsi wenzetu wenye magari kama haya wanavyofanya. Nikakwambia: Tata, hili halibebi ndizi. Toa springi za nje. Weka kaspringi kadogo ndani ya shokapu, chini ya pistoni, kavute bodi ishuke badala ya kuisukuma juu. Likae kwa uzito wake. Tairi likikosa pa kukanyaga, lishuke lenyewe kutafuta. Ukanitazama kama niliyekwambia tuuze shamba. "Gari lililolala ni gari lililoshindwa," ukasema. Nikabisha, ukabisha, chakula kikapoa. Mwisho ukacheka ukasema, "Mtalilaza nikishalala mimi." Mama akakukemea ufunge mdomo.

Haikupita miezi mingi, presha ikakuangusha karakanani, spana mkononi. Sasa majirani wanasema ulitabiri. Hukutabiri kitu. Ulikuwa unanitania, na kila anayeleta habari ya utabiri namwambia hivyohivyo, akinuna anune.

Sasa sikia alichopanga mdogo wako. Kaburi lako linajengewa. Baba mdogo akapata wazo kwamba gari lisimamishwe juu ya kaburi, upande wa kichwani, matairi yazamishwe kwenye saruji, ili kila apitaye ajue hapa amelala fundi. Ukoo ukapiga makofi. Mama akaitikia kwa kichwa. Siku zile alikuwa akiitikia kila kitu. Gari likawekwa juu ya kabati, likafunikwa kitambaa, na mimi nikaambiwa vitu vya marehemu haviguswi mpaka ukoo ukae.

Tata, najua Baba mdogo anakulilia. Kila mtu analia kwa namna yake. Lakini gari ulilolifufua kwa mikono yako lizikwe hai, mvua ilinyeshee, kutu iingie kwenye zile difu ulizozipaka grisi kwa kijiti cha kiberiti? Nilihisi kama wanakuzika mara ya pili, na safari hii nilikuwa na nguvu za kukataa.

Nikaliteremsha kabatini. Mchana, mlango wazi, watu wanaona. Nikakaa barazani nikafungua shokapu. Zile springi za ndani nilizitoa kwenye kalamu za wino, zile za kubonyeza. Mara ya kwanza niliziacha nzima, zikavuta kupita kiasi: nikiliinua gari, tairi halikushuka, lilibaki limejikunja kama kuku wa sokoni. Nikazikata. Nikazikata tena, mpaka uzito wa ekseli peke yake ukatosha kulishusha tairi polepole. Nikatia mafuta ya shokapu za pikipiki, mazito kidogo, lisishuke kwa pupa. Nikaliweka sakafuni. Likajishusha likatulia. Nilikusikia kabisa ukiguna.

Baba mdogo alinikuta katikati ya kazi. Alipiga kelele hadi barabarani kwamba naiba mali ya maiti, kwamba mtoto wa kike akipewa spana anajiona ukoo mzima. Nikamwambia fundi wa kaburi anakuja kesho, leo gari ni zima, na leo linapanda jiwe. Likishindwa, nitalibeba mwenyewe hadi kaburini, na saruji nikoroge mimi. Ndiyo, Tata, nililisema mbele ya watu.

Nikaenda nalo kwenye jiwe. Walinifuata. Mama alikuja wa mwisho, akapita akasimama chini palepale pake. Akafungua kitenge akakitandaza. Sidhani kama alijua anachofanya, ni mikono tu ilikumbuka. Nikatazama pembeni kidogo, nisije nikalia na rimoti mkononi.

Likapanda. Tumbo lilikwaruza, sikufichi, lilikwaruza sana, hapo ulikuwa na hoja. Likafika kwenye ufa. Tairi la kushoto likakosa pa kukanyaga. Likashuka. Polepole, Tata, kama mzee anayetafuta ngazi gizani kwa mguu, likashuka ndani ya ufa, likagusa, likashika. Bodi haikuyumba hata kidogo. La kulia likafuata. Gari likavuka ufa likaenda zake juu, na Mama akabaki chini na kitenge kitupu.

Alikitazama kile kitenge. Kisha akajifunga kiunoni, akamgeukia shemeji yake, akasema, "Projestus, hilo haliingii kwenye saruji." Baba mdogo akaanza kusema habari za ukoo. Mama hakumsubiri amalize. "Mume alikuwa wangu. Na gari nilikuwa naliokota mimi." Usiku ule alikula, Tata. Alikula fungu lake likaisha.

Kaburi lako limekamilika. Lina saruji, lina jina lako, linatosha. Gari nimebaki nalo. Likivunjika nitalitengeneza, likichakaa nitatafuta vipuri hata Mwanza. Na akitokea mtu wa kuniambia lisimame juu, naahidi nitamweleza hoja zako zote kwanza, moja baada ya nyingine, kwa ukali uleule uliokuwa nao, ndipo nimshinde.

Lilipofika juu ya jiwe, niligeuka. Niligeukia pale ulipokuwa ukikaa, kwenye kile kisiki, nikiwa na maneno tayari mdomoni. Kisiki hakikuwa na mtu.

Pumzika, Tata. Nilikuwa sahihi, na sijawahi kutamani kiasi hiki uniambie nimekosea.

Mwanao,
Koku