Nadhiri na Jibini

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nesi wa kliniki ya presha ameniambia niandike kila ninachokula. Haya. Daftari hili lilikuwa la mahudhurio ya kwaya, kurasa za nyuma ziko tupu.

Asubuhi: chai bila sukari. Mbaya. Mchana: ndizi na maharage. Jioni: ndizi na maharage. Na jibini kidogo.

Kidogo! Mwongo mimi. Kipande cha ukubwa wa kiganja, na kingine wakati naosha vyombo.

Presha 170 kwa 100. Kilo 96. Nesi hakunigombeza, alisema tu kwa upole kwamba nikiendelea hivi mjukuu atanijua kwa picha. Nipunguze kilo kumi. Nina miaka hamsini na tatu, magoti yanauma, nimechoka.

Jumatano, 4 Juni

Msibani leo wameniletea kuku. Nikasema sili nyama. Mama aliyeleta akanishangaa: lakini hii si nyama, ni kuku! Akaondoka, akarudi na dagaa. Nikala ndizi kavu.

Nimechoka kueleza. Placidia wangu alipopoteza mimba ya pili, Novemba, nilisimama kanisani mbele ya watu wote nikaweka nadhiri: hakuna nyama mdomoni mwangu mpaka ashike mtoto aliye hai. Ng'ombe, mbuzi, kuku, samaki. Wiki iliyofuata senene wakaanguka! Mume wangu Gaudiosus akawakaanga mbele yangu, akasema senene ni mdudu, Mungu hana habari naye. Niliwaacha. Hao ndio walioniuma kuliko nyama yote ya ng'ombe.

Placidia akashika mimba mwezi wa kumi na mbili. Anakaa Kyerwa kwa mumewe, Manirakiza. Sasa ni miezi sita. Mimba zake mbili hazikuwahi kufika huku.

Kinachonibakia ni jibini la Felicitas. Ni jirani yangu, alifundishwa na mradi fulani uliokuja na kuondoka. Anatengeneza nyumbani, mviringo kama sahani, anafunga kwenye jani la mgomba. Lina chumvi, lina mafuta, ukilitafuna linalia menoni. Nikila naona kama nimekula mlo wa mtu mzima. Nisipokula nashinda nikiwa na hasira na kila mtu.

Jumamosi, 14 Juni

Wiki nzima nimekula jibini mara mbili tu. Nikataka kujua kama nimepungua. Kliniki ni mbali, mizani ya karibu ni ile ya kahawa pale chama cha ushirika. Nikasubiri watu wapungue, nikapanda. Yustus karani akaja mbio kutoka ndani. Akasoma kwa sauti ya mnada: tisini na saba!

Zimeongezeka!

Akasema, kama anavyowaambia wenye kahawa, mama Placidia, unyevu umezidi, rudi ukaanike tena. Wakulima wote waliokuwa pale na magunia yao wakacheka. Nikacheka nami. Nyumbani nililia kidogo, kisha nikala jibini. Ndiyo. Naandika, si nimeambiwa niandike?

Jumanne, 17 Juni

Ndizi. Maharage. Mchicha. Jibini.

Ijumaa, 20 Juni

Jibini.

Jumapili, 29 Juni

Sijui nianzie wapi.

Baada ya ibada nilipita kwa Felicitas kuchukua jibini. Alikuwa amekwenda kisimani, nikaingia jikoni kumsubiri. Juu ya moshi kulikuwa na kitu kimetundikwa, kikavu, cha rangi ya kahawia, kama mfuko wa zamani. Alipoingia nikamuuliza ni nini.

Tumbo la ndama, akasema. Hivi hivi, kama mtu anayesema ni kitunguu.

Dawa ya unga ya kugandishia maziwa ilimwishia mwezi wa tatu, na mradi haupo tena. Akakumbuka walichofundishwa: tumbo la ndama anayenyonya, likaushwe, ukate kipande, uloweke kwenye maji ya chumvi. Kijiko kimoja cha maji hayo, maziwa yanaganda. Akanionyesha na kikombe chenyewe.

Nikamwambia, Felicitas, unajua nadhiri yangu. Ulikuwepo kanisani.

Akatoa macho. Dada Avelina, hukuuliza! Na tumbo si nyama.

Mwezi wa tatu. Kumbe tangu mwezi wa tatu.

Na mwezi wa nne Placidia alitokwa na damu siku mbili.

Jumatatu, 30 Juni

Sikulala vizuri. Sijala. Gaudiosus nimemweleza wakati anapogolea migomba, nikitegemea atanicheka. Hakucheka. Aliweka panga chini akafikiri. Kisha akasema: tumbo ni nyama. Lingekuwa mboga tungelichuma.

Baadaye akaona uso wangu, akajaribu kurekebisha. Akasema lakini ni kijiko tu, tena cha maji. Nikamwambia, umechelewa, mzee wangu.

Alhamisi, 3 Julai

Nimempigia Placidia. Nilikuwa nimepanga kumuuliza hali tu. Nikajikuta nimemwaga yote: jibini, tumbo la ndama, damu ya mwezi wa nne. Nikamwomba anisamehe.

 Akasema, mama, mimi sikukutuma.

Nikasema najua, mwanangu.

Hujui, akasema. Kanisa zima linajua unajinyima kwa ajili yangu. Wakija kunitembelea wananiangalia tumbo kama shamba la mkopo. Mtoto akifa na wewe umekula, watasema ni wewe. Mtoto akifa na wewe hujala, watasema ni mimi, kwamba hata nadhiri ya mama yangu haikunisaidia. Kula, mama. Kula unachotaka.

Akakata simu. Mtoto niliyemfundisha shikamoo kwa kiboko!

Nimekaa na simu mkononi mpaka kuku wakaingia wenyewe bandani. Ana haki. Hilo ndilo linaloniuma. Nilidhani nambebea mzigo, kumbe nilimwongezea.

Jumanne, 8 Julai

Kula anasema. Sasa kinywa kimegoma chenyewe. Uji, ndizi nusu, maji. Nimepita kwa Yustus. Tisini na mbili. Hakupiga kelele safari hii. Akauliza kwa sauti ndogo, mama, unaumwa?

Siku zote nilitaka kilo hizi ziondoke. Zimeondoka, sina hata nguvu ya kufurahi.

Jumamosi, 12 Julai

Felicitas alikuja. Hatujasemeshana wiki mbili. Ameleta kitu kwenye jani la mgomba, akakiweka mezani na kukaa mbali nacho. Akasema jibini hili ameligandisha kwa limau. Limau na chumvi, basi, hata ndama mwenyewe hajaonyeshwa maziwa hayo. Limekuwa laini, halilii tena, akasema, lakini ni safi.

Nikamwambia asante. Sikulifungua. Akalia, nikalia, tukanywa chai. Bila sukari! Akasema ni mbaya kweli.

Alhamisi, 17 Julai

Niko hospitali, kwenye benchi. Saa sita mchana.

Manirakiza alipiga asubuhi: uchungu umeanza, mama, na mwezi bado. Nilibeba kitenge, daftari, na Felicitas akanitumbukizia kwenye mfuko jani jingine la jibini la limau, la tano sasa, sijagusa hata moja. Pikipiki mpaka hapa. Mgongo umekufa.

Nilimwona Placidia dakika moja kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji. Nilitaka kusema neno kubwa. Yeye akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akasema, mama, umekonda vibaya. Umekula?

Nikasema ndiyo.

Usinidanganye, akasema, halafu wakamsukuma.

Mama mkwe wake, Speciose, ameleta chakula kwa ajili yetu sote. Ndizi zilizopikwa na nyama. Ameniambia kwa heshima kabisa kwamba changu amekiondolea nyama, umebaki mchuzi tu. Nikashukuru. Nikamrudishia. Hakukasirika, alinishika mkono.

Saa saba kasoro. Mlango haujafunguliwa. Manirakiza anahesabu vigae vya sakafu, anafika mwisho, anaanza tena.

Tangu asubuhi sijala. Mtu atatoka pale, aniambie jambo, na mimi nitatakiwa kusimama. Nikianguka hapa watanishughulikia mimi badala ya mwanangu. Kwa hiyo nimelifungua lile jani. Bwana, nadhiri yangu naijua. Hili ni limau na chumvi. Na kama umelikataa nalo, basi dai kwangu, mwache yule aliye mle ndani.

Ni laini kweli. Halilii. Nimemega kipande kikubwa, nimempa Speciose kingine, tunatafuna bila kutazamana.

Mlango. Nesi anauliza, mama yake Placidia ni yupi?

Speciose ananionyesha kwa kidole. Mdomo wangu umejaa jibini. Nasimama.