Wanataka Kunibeba Mpaka Kwenye Joho

Jumanne, 14 Mei

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, ila naomba usinihurumie, kwa sababu huruma ndiyo iliyonifikisha kwenye kuandika barua hii.

Mimi ni mama wa makamo, msimamizi wa chumba cha kufungashia katika kiwanda cha sabuni, na mwaka jana nilianza kusoma shahada ya uzamili ya biashara, ile ya watu walio kazini, darasa Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa. Niliingia kwa uzoefu wa kazi na mtihani wa kujiunga, maana shule yangu yenyewe ni ya kawaida tu, na wenzangu darasani ni wakuu wa vitengo, watu wanaoongea wakiwa wameegemea viti.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Nikirudi kutoka darasani alikuwa anaondoa mguu kwenye cherehani na kusema, “Haya Profesa, leo wamewapa nini?” nami namweleza huku namenya vitunguu, na akikunja uso najua kumbe hata mimi sijaelewa, basi narudi kwenye kitabu. Mara nyingi alikuwa na pini mdomoni, kwa hiyo alinijibu kwa nyusi. Mwezi wa pili mwaka huu aliugua kidogo tu, akaondoka.

Baada ya mazishi dada yangu mkubwa alisema niache chuo nitulie, kwamba mjane akionekana anakimbia na mkoba wa vitabu watu watasema hakumpenda mumewe. Kazini meneja alinipunguzia zamu bila kuniuliza, na mashine mpya niliyoipigania mwenyewe akamkabidhi mwenzangu, akasema ni kwa faida yangu. Nilirudi darasani nikidhani huko angalau nitaachwa nifanye kazi.

Kundi letu ni la watu wanne: mfamasia, mkaguzi wa hesabu, afisa wa bima tunayemwita Nahodha kwa kupenda kwake kuongoza, na mimi. Kazi ya kundi chuoni hupewa alama moja kwa wote. Majuzi tulirudishiwa kazi iliyopata alama nzuri sana, jina langu lipo juu, na mimi sikuandika hata neno, wala sikujua kama imeshapelekwa. Nilipouliza, Nahodha aliniinamia kama mtu anayeongea na mgonjwa.

“Dada, wewe pumzika. Tutakubeba mpaka mwisho.”

Nikasema sitaki kubebwa. Mfamasia akamwambia mwenzake, nami nasikia, kwamba hiyo ni huzuni inaongea, si mimi.

Jumamosi hii tunasimama mbele ya walimu kuwasilisha mpango wetu wa biashara. Wamegawana sehemu zote. Mimi nimepewa kubonyeza kompyuta ili picha zibadilike ukutani.

Nikimwambia mwalimu ukweli, chuo kinaweza kuwafutia alama wote, na hawa ni watu walionishika mkono kaburini. Nikinyamaza, siku moja nitavaa joho la kazi ya wengine. Dada anasema hiyo ni ishara niache. Sitaki kuacha, Mshauri. Kila mtu amenipokonya kitu kwa upendo, na sasa nimebaki na mikono tu. Nifanye nini?

Wako,
Mbonyezaji

*

Dada Mbonyezaji,

Pole kwa msiba. Nimesema mara moja, sirudii, kwa kuwa umenikataza.

Tuanze na dada yako. Mkubwa huheshimiwa, lakini hafanyi mtihani kwa niaba yako. Hao watu wa kusema, ukienda chuo watasema hukumpenda mumeo, ukikaa ndani watasema unamngoja mwingine. Kwa hiyo nenda. Na huyo dada mpe kazi: mkalishe jikoni, umweleze uliyofundishwa. Akikunja uso, unajua la kufanya. Hatakuwa mumeo, ila masikio anayo, na pengine anakusumbua kwa sababu hajui afanye nini na mapenzi yake.

Meneja wako mwone kesho asubuhi. Usilalamike. Mwambie unarudi kwenye zamu yako kamili na unaitaka mashine yako, kisha nyamaza, mwache yeye ndiye atafute maneno.

Sasa kundi. Hao si wabaya, na ugumu uko hapo hapo. Adui unamfukuza, mtu mwema asiyesikia utamfanyaje? Ila na wewe nakugombeza. Ulisema mara moja hutaki kubebwa, ukajibiwa, ukanywea. Mtu aliyebebwa asipopiga teke, wabebaji hudhani amelala.

Waite wote watatu kabla ya Ijumaa. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo usiende kuomba sehemu ya kusema. Nenda nayo umeshaiandaa. Chukua ile ya hatari za biashara na maswali ya walimu, ambayo najua kila mtu anaikwepa. Halafu waambie hivi: “Ile kazi iliyopita si yangu. Nakwenda kwa mwalimu kuomba nifutiwe alama na nipewe kazi nyingine ya kufanya peke yangu. Tungeenda pamoja ningefurahi. Msipokuja, nitakwenda.” Watakasirika. Mfamasia atasema tena ni huzuni inaongea. Mjibu kwamba ndiyo, huzuni imo, na hiyo huzuni inataka kusoma.

Siwezi kukuahidi kwamba chuo kitasamehe. Huenda mkakatwa alama, na Nahodha akakununia mpaka mwisho wa masomo. Lakini waliokushika kaburini walimshika mtu mzima mwenye akili zake, na mtu huyo ana haki ya kukosea, kufeli na kufaulu kwa jina lake mwenyewe. Asiyekuachia hayo anakuzika na wewe.

Jumamosi kompyuta mpe Nahodha abonyeze. Wewe simama mbele. Sauti ikikatika, kunywa maji uendelee. Sijasikia chuo kinachokataza mtu kujibu swali huku analia. Hata mkipata alama ndogo, safari hii utakuwemo ndani yake.

Na ukishashuka pale mbele, unikumbuke kwa barua, hata ya mstari mmoja.