Hesabu ya Kumi la Pili

Al Baraha, Dubai
Ijumaa, 20 Mei 2016

Kwa kaka yangu mpenzi Hafiz,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Ghania na watoto, na Mama pia, ambaye kila nikimpigia husema mafua yamemkaba sauti. Mafua ya tangu Februari, kaka! Nami huku sijambo, alhamdulillahi. Joto limeshaanza kuchoma, na Prossy, yule Mganda ninayekaa naye chumba kimoja, anakusalimu ingawa hakujui.

Usishangae kuona karatasi zama hizi za simu. Kwa simu ungenikatiza, au mtandao ungepotea ghafla kama unavyopotea kila nikitaja jina la Fawaz. Nassor wa duka la vitambaa hapa chini anakuja likizo, nimemwomba akukabidhi mkononi.

Uliniambia mume wangu amepata kazi ya ujenzi upande wa Tanzania, ndani kabisa, ambako simu hazishiki. Nilikuamini kidogo. Lakini ujumbe wangu wote kwake ulibaki na alama moja tu, ya kwamba haujamfikia, na mtu gani huyo anakaa miezi mahali asipande hata kilima kutafuta mtandao amsalimu mkewe? Nikakuuliza atarudi lini. Ukasema inshallah kumi la pili la Ramadhani. Nikamuuliza Mama, akasema kumi la pili la Ramadhani. Nikamvizia Ghania akiwa jikoni, naye akanijibu hayo hayo, tena haraka, kama mtoto aliyekaririshwa. Mwezi wenyewe haujaandama, na nyinyi watatu mnajua siku! Nikasema moyoni, hapa nachezewa.

Kisha Mama akaanza na mambo yake. Mara kaota ndoto mbaya, kwa hiyo nisijitie manukato. Kaka, unajua kazi yangu: nafunga manukato kwenye maboksi kule Freezone, kwenye maghala, nikirudi nyumbani hata viatu vinanukia. Nilicheka, nikamwambia basi aote ndoto ya kunitafutia kazi nyingine. Hakucheka. Lakini nilimtii, maana siku hizo ile harufu yenyewe ilikuwa ikinichafua roho mpaka sir wetu, msimamizi wa kazini, akaniuliza kama naumwa. Wiki iliyofuata akataka nivue bangili. Kisha nisipake hina. Kisha nivae nguo zilizopooza rangi, na nikitoka kazini niende moja kwa moja nyumbani, nisionekane nje jioni. Nilidhani kuna mtu kampelekea umbea kwamba binti yake anacheza muziki Dubai Marina, nikaapa kwa Mungu kwamba huko Marina nilikwenda mara moja tu, tena kumpelekea Prossy funguo hotelini anakofanya kazi. Mama akalia. Akasema hajanishuku kwa lolote, nimtii tu.

Nikajumlisha nikapata jibu langu. Nikasema Fawaz ameoa. Ameoa mke wa pili kwa sababu sikumzalia miaka yote hii, na nyinyi mnamficha mpaka fungate liishe, naye Mama kwa huruma ananifanya niwe mtulivu kabla sijapasuka. Niliwachukia, kaka, nakwambia wazi. Wewe zaidi, kwa kuwa ndiwe uliyesimama kuniozesha.

Shifaa, yule rafiki yangu wa mtaa wa nyuma ya msikiti, alipokuja huko likizo, nilimwomba aende ofisi ya kadhi akaniulizie hiyo ndoa mpya. Karani wa pale alitafuta, akamwambia hakuna nikaha yoyote ya jina hilo. Ila jina halikuwa geni kwake. Kuna bwana mmoja mrefu, mwenye kigugumizi, alifika kuulizia mirathi ya Fawaz, naye akamwelekeza alete kwanza cheti cha kifo.

Wa kigugumizi ni nani pale mjini kama si wewe?

Shifaa aliponieleza, unajua nilifanya nini? Nilicheka tena. Nilimwambia huyo ni Fawaz mkubwa, babu yake mume wangu, ambaye jina lake ndilo alilopewa mjukuu. Mzee alifia nyumbani, akazikwa kabla ya laasiri kama tunavyozika sisi, na hakuna aliyekumbuka kwenda kwa chifu kuandikisha. Wakija kutaka shamba lake ndipo watu wanaanza kuhangaikia cheti. Nilijisemea, kumbe Hafiz anawasaidia wakwe zangu kumsajili mzee. Siku hiyo nilikula vizuri, nikalala vizuri. Lakini asubuhi nikajiuliza kwa nini basi hukuniambia.

Nikamtuma Shifaa ofisi ya usajili wa vizazi na vifo anichukulie nakala ya hicho cheti. Karani, mama mmoja mwenye miwani, akamuuliza ana udugu gani na marehemu. Akasema hana, ametumwa. Akamwambia basi aliyemtuma alete kitambulisho, barua ya naibu chifu na ushahidi wa udugu. Shifaa akaenda kwa naibu chifu. Yule bwana, ambaye kwa kawaida hujui utamnyamazisha vipi, siku hiyo akawa anapanga kalamu zake mezani, akasema jambo hili aachiwe kaka wa familia. Shifaa alikaa pale kibarazani mpaka akaandikiwa. Kitambulisho nilimtumia picha. Ushahidi wa udugu nilimtumia cheti changu cha ndoa, ambacho nilikuwa nacho hapa, na kwa nini nilikuwa nacho nitakuambia sasa hivi.

Yule karani alipokiona alivua miwani. Akamuuliza Shifaa kwa sauti ndogo kama huyu mke anajua. Shifaa akaanza kulia pale dirishani.

Nakala aliyonitumia picha yake ilisema: umri wa marehemu, thelathini na sita. Ajali ya pikipiki. Amefia hospitali, Februari. Mtoa taarifa: wewe.

Nilimwonyesha Prossy ile picha kwenye simu. Alishika kichwa. Kwao, anasema, mtu akifa wanakupigia usiku huo huo, na maiti hukungoja hata ukitoka mwisho wa dunia. Akaniuliza watu gani hawa wanaomzika mume wa mtu na kumwacha mkewe akifunga maboksi. Mimi nilihesabu vidoleni, kuanzia tarehe ya kifo, miezi minne na siku kumi, nikaangukia kumi la pili la Ramadhani. Kumbe Mama alikuwa akinikalisha eda ya mjane bila mimi kujua! Mlijua kwamba habari ikimfikia mjane baada ya muda huo kupita, hana tena eda ya kukaa, na mlitaka nisivunje mkataba, nisirudi mikono mitupu. Mlinihurumia. Nimelia sana kwa uchungu wa huruma yenu, Hafiz. Mlininyima kumlilia mume wangu, nami miezi yote hii nikamlaani kwa mke asiyekuwako.

Sasa sikiliza. Hesabu yenu imekosea. Nina mimba, ya tangu likizo ya Disemba, na eda yangu haitaisha Ramadhani, itaisha nikijifungua. Siku ninaondoka, Fawaz alinitilia cheti cha ndoa mkobani. Alisikia kwamba hospitali za huku hazimpokei mja mzito bila cheti. Nilimcheka, nikamwambia baada ya miaka yote hii unaota nini. Akasema huwezi kujua.

Sikumwambia mtu, hata Mama. Nilikuwa nasubiri simu yake ishike. Nilitaka yeye asikie kwanza.

Nimeshamwambia sir kwamba nimefiwa, naye alisema khalas, basi, nenda kwenu. Nitafika kabla mwezi haujaandama. Nitakaa chumbani kwa Mama, bila hina na bila manukato, safari hii nikijua ninakaa kwa ajili ya nani.

Nisalimie Ghania na watoto, majirani, na Mama, ambaye simkasirikii kama nilivyokusudia. Lakini usimsomee barua hii leo. Nenda kwanza makaburini, kamsalimie Fawaz, umpe habari ya mtoto, kisha ndipo umwambie Mama. Yeye ahesabiwe wa kwanza kujua, wewe wa pili, na Mama wa tatu.

Wassalam,
Mdogo wako,
Ummulkheir