Kwa Mbarouk Kificho, Asiyempa Mtu Tisa

Mwaka umetimia, Mbarouk, tangu Alhamisi ile ulipotutoka, na tangazo hili limechelewa siku nne. Gazeti lilituwekea nafasi Ijumaa iliyopita. Mkeo Bi Riyama alikataa. Alisema hawezi kuona picha yako imechapishwa na watu wanakuombea rehema, hali ya kuwa waya wako umelala chini ya kitanda na juu ya paa letu la Michenzani kumesimama aibu. Sasa aibu imeshushwa, na tunaandika.

Ulikuwa fundi wa redio pale Mkunazini kwa miaka thelathini na minane. Vikongwe walikuletea redio zilizokufa, ukazifufua, kisha ukawapandishia ngazi mwenyewe na kuwatafutia idhaa waitakayo kabla hujakaribishwa kuketi. Hukuwa na maneno mengi. Mtu akikusifu mbele ya wateja uliingia nyuma ya pazia ukajifanya unatafuta bisibisi.

Na jioni ulikuwa mtu wa redio za ridhaa, mmoja wa wale wenye leseni ya kuzungumza hewani na wenzao wa nchi nyingine bila ya simu wala mtandao. Antena yako ilikuwa waya wa shaba tu, wenye mikono miwili, mita tano na ushei kila mmoja, umetandazwa juu ya paa baina ya nguzo mbili. Kuuweka kulikuwa rahisi, lakini kuutengeneza usikike vizuri ilikuwa kazi ya mwezi mzima. Hukuwa ukiukata. Ukiwa mrefu, uliikunja ncha na kuifunga juu ya waya wenyewe, ukapima, ukakunjua upana wa ukucha, ukapima tena. "Kisu hakina toba," ulisema. Bi Riyama ndiye aliyekushikia ncha ya pili miaka yote hiyo, huku akinung'unika kuwa hajapata kuona kamba nyembamba hivi, haifai hata kuanikia kanga. Alinung'unika, lakini hakuiachia.

Mlikuwa na lugha yenu. Yeye juu ya paa, wewe chini kwenye redio, na bomba la maji katikati. Akigonga mara moja, bado. Akigonga mara mbili, pima.

Na ulikuwa na dharau zako, Mungu akurehemu. Wenzako wakikutana hewani hupeana alama, ya kwanza ya kueleweka, ambayo mwisho wake ni tano, na ya pili ya nguvu, ambayo mwisho wake ni tisa. Watu hugawa tano tisa kama halua ya maulidi, kila anayenyoosha mkono anapewa. Wewe hukugawa. "Mtu akinipa tisa, halafu akaniuliza jina mara tatu, huyo hakunisikia, kanikirimu tu," ulisema. Hatukupata kukusikia ukimpa mtu zaidi ya saba.

Hata binti yako Yusra hukumpendelea. Alipoolewa Maskati alisomea leseni ili mzungumze kila Ijumaa baada ya sala ya Alasiri. Tulikuambia simu zipo. Ukajibu, "Simu kila mtu anayo. Hii tumeifunga wenyewe." Mara ya kwanza ukampa tano tatu, naye akalia mbele ya mumewe. Akapanda juu ya nyumba yao, akashusha waya, akaupandisha, akaushusha tena. Mwezi wa tatu ukampa saba, na yeye akaiandika tarakimu ile kwa kalamu ya wino ukutani juu ya redio yake.

Sasa tukuhadithie mwaka wetu.

Ulipoondoka, mwanao Haitham, mwenye leseni ya kupasi mtihani na mikono isiyojua kushika koleo, alikaa kwenye kiti chako. Yusra akawa anasikika kila Ijumaa kama kawaida. Bi Riyama anakaa kitandani nyuma yake na tasbihi, anasikiliza. Hilo ndilo lililomweka sawa katika siku zake za eda.

Eda ilipokwisha akaja Bwana Ubwa, mwenyekiti wa klabu yenu. Jina lake tunaliandika kwa makusudi. Alikuja na wapiga picha wawili na fimbo ya alumini iliyong'ara kama sufuria ya harusi, akasema klabu inataka kumuenzi marehemu kwa antena ya kisasa. Tulikubali. Hayo ni makosa yetu, na hatumsukumii mtu. Kwetu, mgeni aliyebeba zawadi harudishwi mlangoni, hata kama zawadi yenyewe ni balaa.

Akaushusha waya wako. Akavikuta viungo vyako umevizamisha katika nta ya mshumaa na kuvizungushia mpira wa baiskeli, akacheka, akasema, "Mzee alikuwa anafunga antena au anaziba pancha?" Akaleta kebo mpya ya kuteremsha kutoka antena hadi redioni, mita arobaini palipohitajika kumi na tano, ziada akaizungusha juu ya paa, na kiungo akakizungushia utepe mweusi wa umeme. Utepe wa dukani, Mbarouk! Mvua za Unguja na chumvi ya bahari, na mwenyekiti anazikinga kwa utepe. Bi Riyama aliuokota waya wako na kebo yako vumbini, akavisokota bila ya kufungua fundo hata moja, akavitia chini ya kitanda.

Basi Bwana Ubwa akatuita tutazame mita. Haitham akabonyeza kitufe cha kusemea, sindano ikalala chini kabisa, kwenye moja. Maana yake, alisema, ni kwamba nguvu zote zinakwenda na hakuna zinazorudi. Akaipiga picha sindano ile na kuisambaza kwenye kundi la klabu, na wanaume wazima wakamjibu kwa vidole gumba.

Zikanyesha mvua za vuli. Sauti ya Yusra ikafifia, ikawa mnong'ono, ikatoweka. Ijumaa kwa Ijumaa Haitham anaita, na hapana anayeitika. Tukamwita Ubwa. Akaja, akaitazama sindano, sindano imelala. Akasema ni jua linalovuruga mawimbi. Wiki ya pili ikawa ni kifaa cha Yusra. Wiki ya tatu akakaa mkao wa daktari mwenye habari mbaya akasema, "Mkweli ni mkweli. Mzee alikuwa na bahati ya hewa tu. Zama zile zimepita." Bi Riyama alikuwa amesimama na sinia ya chai. Alimwekea chai ile mbali na mkono wake.

Halafu Yusra akapiga simu. Jumapili ya wiki ile, alisema, wanahamia jengo jipya, na huko hakuruhusiwi kufunga hata kamba ya nguo nje. Ijumaa ya kabla yake, siku ya khitma yako ya mwaka, ndiyo ingekuwa ya mwisho kwake kukaa kwenye redio. Akasema, "Mama, nitakaa saa yetu. Nikikosa, nshakosa." Bi Riyama alirudisha simu mezani, na siku mbili hakula chakula cha maana.

Ijumaa tukasoma khitma, watu wakala pilau. Bwana Ubwa alikuwa wa kwanza kwenye sinia na wa mwisho kunawa. Kisha akasimama bila ya kuombwa, akasema, "Marehemu alikuwa na bahati, na sisi sasa tuna vifaa. Tazameni wenyewe, sindano haisemi uongo."

Bi Riyama aliyasikia kutoka chumba cha wanawake. Alivaa buibui lake, akachukua spana yako kwenye mtoto wa meza.

"Haitham!"

"Naam, mama."

"Kaa kwenye redio. Nkigonga bomba mara mbili, bonyeza, na usiachie mpaka nrudi. Nguvu ndogo."

Akapanda. Tukasubiri. Bomba likagongwa mara mbili. Haitham akabonyeza, na Bwana Ubwa akainama kwenye mita na shingo yake nene. "Mnaona?" akawaambia wageni. "Imelala. Moja kamili. Hii ndiyo kazi ya kitaalamu."

Mlango ukafunguliwa. Bi Riyama ameingia, na kwapani ameibeba ile fimbo ya alumini, nzima nzima, na skrubu zake mkononi.

"Hebu soma tena, Bwana Ubwa. Sindano yasemaje?"

Ubwa akasoma. "Moja kamili," akasema, halafu akageuka akaiona antena.

"Nshakung'olea antena yako, na sindano bado yakusifu," Bi Riyama akamwambia. "Mume wangu alinfundisha hayo tangu Haitham hajazaliwa. Ukitaka kujua kebo inasema kweli, chomoa antena huko juu upime tena. Kebo iliyo nzima itazirudisha nguvu zote, sindano itaruka. Yako imelewa maji. Nguvu zaingia zafia ndani, hapana kinachofika juu wala kinachorudi. Hiyo imelala kwa sababu imekufa, yakhe. Miezi hii yote mwanangu aita, nami naambiwa jua!"

Bwana Ubwa akasema kuwa hilo huweza kutokea kwa mtu yeyote. Pengine. Lakini hatukumbuki kukuona wewe ukiipiga picha sindano.

Zilibaki dakika thelathini na tano ifike saa ya Yusra. Bi Riyama na Haitham walipanda na waya wako na kebo yako. Kijana aliuliza akate wapi, mama yake akampiga kofi la mkononi. "Hukati! Funga hapo hapo pa fundo la babako." Mafundo yalikuwa kama ulivyoyaacha, nta haijapasuka. Walipopima, sindano ilisimama juu kidogo, moja na nusu, pale pale ulipokuwa ukiitaka wewe.

"Si kamili," akasema Bwana Ubwa kutoka mlangoni.

"Na weye si kamili," akajibiwa, "na pilau yetu umekula."

Saa kumi na robo Haitham akaita. Mvumo tu. Akaita tena. Bi Riyama alikuwa kitandani pahala pake, na tasbihi imesimama kati ya vidole. Hatutaki kusema uongo katika tangazo lako: tuliogopa. Tuliogopa kuwa labda mtu yule alisema kweli, kwamba ulikuwa na bahati tu, na bahati umekwenda nayo.

Akaita mara ya tatu, na Yusra akaitika. Sauti yake ilikuja na vumbi lake la kawaida, neno kwa neno, na nyuma yake mtoto analia.

Bwana Ubwa, ambaye bado hajaona haya ya kuondoka, akanyanyua mikono. "Tano tisa!" akapiga kelele. "Mpe tano tisa!"

Haitham hakumgeukia. Alimuuliza dada yake anampataje. Tulisikia Yusra akisogeza kitu, labda kiti, kuelekea ukuta ule wenye tarakimu.

"Mwambie Mama," akasema, "tano saba. Zaidi ya hapo simpi mtu."

Bi Riyama alilia mbele ya watu, kwa mara ya kwanza tangu tulipokuzika. Akalia na kucheka, akakuita jina lako bila ya Mzee wala Baba Haitham, jina tupu, kama alivyokuwa akikuita kutoka juu ya paa.

Yusra amehama Jumapili. Waya uko juu ya paa, na Haitham ameanza kujifunza kushika koleo. Fimbo ya alumini tumeipeleka klabuni, imefungwa utepe mweusi. Anayeitaka aende huko.

Unakumbukwa na mkeo Bi Riyama, wanao Haitham na Yusra, mkweo wa Maskati, dada yako Bi Mwanakheir wa Tumbatu, na mjukuu uliyempa jina na hukujaaliwa kumbeba. Bwana Ubwa hamo katika orodha hii.

Mola akulaze pema. Hatutokusahau, Mbarouk, tuwepo wengi au abaki mmoja. Na kwa miaka yote uliyokaa nasi, tunakupa saba.