Mlango wa Dereva

Kinondoni, Jumamosi, Oktoba 1953. Jua kali tangu asubuhi, upepo kidogo tu. Moyo mzito.

Nilidhani leo ningeandika kwa furaha, maana madigadi ya mwisho ya gari letu imekauka vizuri. Ile ya kwanza niliipaka mwezi uliopita chini ya msufi wa jirani, nikaingia ndani kuepua chai, niliporudi nikaikuta imeota manyoya. Sufi zilikuwa zinapasuka mtini na mie, mtu wa milimani, sikuwa na habari. Niliipiga msasa upya siku mbili nzima. Vidole vilichubuka hata watoto darasani wakaniuliza mwalimu amefanya nini.

Siku hizi napaka uani, mbali na mti, kwa bomba la dawa ya mbu. Mume wangu Elia ndiye aliyenifundisha kabla hajasafiri: rangi uichanganye na tina mpaka iwe nyepesi kama maziwa, ujaze bombani, upulize huku unatembea. Ukisimama inachuruzika.

Gari lenyewe lilikuwa la mzungu mmoja aliyerudi kwao, akaliacha linaliwa na kutu. Elia alilifungua vipande vipande. Boneti iko chini ya kitanda chetu, milango imeegemea ukuta wa sebuleni, na wageni wanakunywa chai katikati yake. Alitaka rangi ya jani la mgomba. Akasema nipake chochote nikipata nafasi, isipokuwa mlango wa dereva. Huo angeupaka mwenyewe akirudi.

Mwezi wa pili lori alilokuwa akiendesha likapinduka huko kwao Upare. Mguu wake ulifungwa, ukafunguliwa, ukafungwa tena. Hospitali wamemruhusu tangu mwezi wa saba, lakini amebaki kwa mama yake, na kila barua inasema bado kidogo.

Nikiri jambo moja. Gari silijali sana. Nilikuwa najipa kazi, na kila kipande kilipokauka nilijiambia kwamba sasa Elia yuko karibu zaidi.

Vipande vimekwisha. Umebaki mlango wake, mweusi vilevile.

Na leo nimepata barua yake. Ni fupi: “Mke wangu, mguu haukunjiki tena. Mlango wa dereva usiningojee. Upake tu, gari litafutiwe mnunuzi.”

Nimeisoma mara nne nikiwa nimesimama. Hakuna mahali alipoandika kwamba hataki kurudi, lakini Elia namjua. Alikuwa akitembea barabara hii kifua mbele, akisalimiana na kila mtu. Anaona haya wamwone anachechemea.

Haya kwa nani? Kwangu mie?

Nilipandwa na hasira nikatoa mlango uani, nikajaza bomba. Nilisema kama anataka upakwe, basi upakwe leo hii, nimkomoe. Bomba lilikuwa mkononi Bi Zuwena alipoingia kurudisha sahani yangu. Yeye na mumewe ndio wenye duka la kona, na ukoo wao uliuza chumvi na kanga hapa kabla barabara haijachongwa. Nilimwamkia shikamoo, nikaweka bomba chini. Akaketi juu ya ndoo, nikamsomea barua yote.

Aliutazama mlango.

“Usiupake, mwanangu,” akasema. “Ukiupaka atajua umemkubalia asirudi.”

Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu, kwani mikono ya Elia nayo imevunjika?

Akaenda zake. Nilibaki na swali lake mpaka rangi ikaanza kuganda bombani, nikairudisha koponi haraka na kuliosha bomba kwa tina.

Nikaenda kwenye gari, au tuseme kwenye mifupa yake, nikafungua kifuniko cha tangi la petroli. Kinaenea kiganjani. Nimekifunga ndani ya gazeti pamoja na kipande cha msasa, brashi ndogo, na kikopo cha rangi nilichokiziba kwa nta ya mshumaa. Dereva wa basi la Upare ni rafiki yake, anaondoka Jumatatu. Barua yangu nayo ni fupi: “Bila hiki gari haliendi popote. Kipake, kisha ukilete mwenyewe.”

Nimeandika hivyo kwa ujeuri, lakini hapa hakuna wa kunisoma, basi niseme kweli. Nimemkumbuka hadi naumwa. Nakumbuka harufu ya tina mikononi mwake, ambayo nilikuwa nikiilalamikia mezani. Sasa mikono yangu ndiyo inayonuka hivyo, na nikila peke yangu nainusa. Aje na mguu ulionyooka kama mwiko, aje na magongo mawili, mie nitamfungulia mlango wowote autakao. Nimechoka kulala juu ya boneti bila mwenyewe.

Mlango nimeurudisha ukutani, nikaupangusa vumbi.

Kitu kimoja tu kinanitisha. Akikipaka kifuniko vizuri, kwa ile subira yake, halafu akakirudisha kwa posta, nitafanyaje?

Sijui. Mlango sitaupaka.