Kuku Kwenye Gari la Babu

Kizuri chajitembeza, Baba. Kibaya ndicho hufunikwa shuka.

Chai iko kwenye chupa. Usikalie kiti chako cha sebuleni, kuna kuku analalia mayai.

Jana ulifoka: "Gari alilolitengeneza Babu yako kwa mikono yake liko moja tu duniani! Ni la kutunzwa, si la mashindano!" Haya. Asubuhi nimelifunua niliage, nikamkuta kuku kwenye kiti cha dereva. Ndiko kutunza huko? Babu aliunda gari la mbio, hakuunda banda. Kwa hiyo nimemhamisha kuku na mayai yake, nami nimekwenda kushindana.

Mama, shuka lako nimeliloweka.

Nitarudi jioni na ~~kikombe~~ ~~gari zima~~ gari. Likiwa na mkwaruzo, msamaha siombi ng'o. Aombe kuku.

Kifungua mimba wenu