Saga Ndani ya Kabati la Sahani

Jumatatu, 4 Februari 1980

Sahani zimehamia chini ya kitanda. Kabati limelazwa sakafuni kama mgonjwa na mume wangu Makokha analipima kwa rula. Mimi nabandika karatasi za fedha ndani, zile za pakiti za sigara, zirudishe mwanga wa taa. Wenzake wa kiwandani wamemkusanyia mfuko mzima. Gundi ni uji wa ngano. Vidole vyangu vinang'aa.

Kabati tulipewa na akina mama wa kanisa siku ya harusi. Wakijua tumeligeuza shamba watatuombea.

Lakini tupande wapi? Miwa ya mwenye nyumba inagusa dirisha letu. Hakuna nafasi hata ya kitunguu. Siku hizi kila mtu ni miwa, miwa. Wiki ya kwanza ya ndoa nilimwambia Makokha, nikicheka tu, kwamba natamani saga, ile mboga chungu ya kwetu, niliyoichuma kwa mkono wangu. Mimi nikasahau. Yeye hakusahau. Nimeolewa na mtu asiyesahau.

Jumatano, 6 Februari

Balbu tuliyofunga kabatini imetushinda. Ilikausha udongo mchana mmoja, kabati likanuka kama chungu kilichoungua. Leo ameleta tyubu mbili fupi. Zinakula umeme kidogo na hazichomi. Yeye ni fundi wa umeme kiwandani, na anasimulia habari za umeme kama wengine wanavyosimulia habari za ng'ombe wao. Ningeweza kumsikiliza hadi uzee.

Taa inaning'inia kwa cheni ya baiskeli. Mboga zikirefuka, unaipandisha kidogo kwenye msumari. Trei ni debe la mafuta lililopasuliwa, matundu nimetoboa mimi. Udongo wa mtoni, mchanga, samadi.

Jioni tuliwasha. Chumba kizima kikawa cheupe, cheupe kama maziwa. Tulikaa kitandani tukitazama udongo mtupu. Furaha gani hii.

Jumapili, 10 Februari

Baada ya kanisa nimepanda. Saga trei ya juu, kunde trei ya chini. Mbegu zimetoka kwetu Iguhu, mama yangu alinifungia kwenye karatasi. Nimebakiza nusu.

Alhamisi, 14 Februari

Kunde zimeota. Zimeinama kama watu wanaosali. Nimefungua mlango wa kabati mara nyingi mno. Makokha anasema nitazichosha kwa macho.

Jumanne, 19 Februari

Saga nayo. Kijani chembamba kama pumzi. Nimeota nyumba ambayo kuta zake zote ni kabati, na sisi tunaishi katikati, tunachuma bila kuamka kitandani. Nimemsimulia akifunga viatu. Akasema nyumba hiyo ataijenga. Nimemwamini.

Jumamosi, 23 Februari

Siku mbaya.

Wifi Nafula, dada yake Makokha, amekuja kutoka Navakholo. Alipoona kabati alicheka hadi akakaa. "Wifi, mmefuga shamba kama kuku."  Halafu akaniuliza, polepole, "Na Mama ameshapanda?"

Sikuelewa mama mkwe anaingiaje hapa. Akanieleza. Kwao hakuna mke wa mtoto anayetia mbegu udongoni kabla mama wa boma hajatia zake. Ni kama kupakua chakula kabla ya mkubwa kunawa. Kwetu Iguhu kila mwanamke hupanda akiona mvua. Hakuna aliyeniambia.

"Si ni kabati tu?" nikasema.

"Udongo ni udongo, wifi. Na Mama anakuja Jumamosi ijayo."

Jumapili, 24 Februari

Makokha alijua mila hiyo. Haikumjia tu. Mtu asiyesahau, hili likampita. Nimemkasirikia kwa mara ya kwanza. Ni jambo baya kumkasirikia mtu unayempenda hivi, unaumia pande mbili.

Anasema Mama ataelewa. Sijui. Mama hajawahi kula nyumbani kwetu. Mpaka ale kutoka chungu changu, mimi ni mgeni katika boma lao. Akikataa Jumamosi, nitabaki mgeni. Hilo tu ndilo ninaloliogopa.

Jumatano, 27 Februari

Nimeng'oa zote.

Makokha alikuwa kazini. Sikutaka anizuie, wala anisaidie. Mizizi ya kunde ilikuwa mirefu kuliko nilivyodhani. Nimezifukia kwenye miwa na kulia huko. Nikarudi, nikasawazisha udongo.

Aliporudi alifungua kabati, akalitazama, akalifunga. Akaosha vyombo vyote. Taa tumeiacha ikiwaka. Hatukuweza kuizima.

Jumamosi, 1 Machi

Mama alikuja mapema, kabla sijafagia. "Mulembe, mtoto wa Iguhu," akanisalimu. Hakukaa. "Nafula anasema humu kuna msitu."

Nikafungua. Udongo mtupu, mwanga mweupe.

"Nimezing'oa, Mama. Sikujua. Nilikuwa nangoja upande kwanza."

Aliingiza kichwa ndani ya kabati. Nilisikia tyubu zikivuma.

"Nipande wapi?" akasema. "Mzee amepanda miwa hadi ukuta wa jikoni. Nikimwaga maji ya vyombo, yanaanguka kwa miwa. Mwaka wa tatu huu nanunua mboga sokoni, mimi, kama mke wa karani. Ungengoja mpaka uzeeke, mwanangu."

Makokha aliinamisha kichwa. Sidhani alijua.

Mama akafungua fundo la leso yake. Ndani mlikuwa na mbegu za saga, nyeusi, ndogo kama baruti. Hutembea nazo, anasema, kwa sababu nyumbani panya nao wamekosa shamba. Akamwambia mwanawe ateremshe taa. Akazinyunyiza trei ya juu kwa vidole vitatu, akafunika, akanitazama mimi.

"Haya. Kuna chakula hapa au kuna stima tu?"

Alikula obusuma, ugali wetu, na kunde za kununua. Akaongeza.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna kitu. Mbegu za miaka mitatu. Naloweka kitambaa na kukamulia juu ya udongo ili nisizisumbue.

Leo nimeshika karatasi ya mbegu zangu. Mbegu mpya, nyeusi zilezile. Chache tu zikichanganywa, nani angejua? Mama angefurahi vilevile. Nilisimama hapo hadi uji ukamwagika jikoni.

Nimeirudisha karatasi chini ya godoro. Nikimdanganya katika udongo ule, sitakula naye tena kwa raha.

Makokha ameniuliza mbona nimenyamaza. Nimemwambia. Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akakaa hivyo.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua ya kwanza alfajiri. Miwa inanong'ona dirishani.

Nilifungua kabati kuchota kikombe, kwa mazoea, ingawa vikombe haviko humo tena. Vimea kumi hivi. Pengine zaidi, macho yalilowa. Vidogo mno, vimejipanga ovyo, kama vidole vya Mama vilivyoviacha.

Makokha amepanda baiskeli kwenda Navakholo kumwambia Mama, na mvua yote hii. Nimepandisha taa kidogo. Nimetoa karatasi chini ya godoro na kuifungua mezani.

Trei ya chini ni yangu.